Jani la Hotelini

Jumatatu daktari alimkataza bosi wetu chumvi, mafuta na nyama nyekundu. Kufika Alhamisi, ofisi nzima tulikuwa wagonjwa.

Ndivyo alivyo Madamu Hellen. Yeye akipata mafua, sisi wote tunanyweshwa tangawizi. Kwa hiyo saa sita na nusu alipotoka chumbani kwake na mkoba begani, tukajua yametufika.

"Leo hakuna kwenda kwa Mama Ndelilio," akasema.

Mama Ndelilio ndiye anayetulisha. Ana kibanda nyuma ya ofisi, na ndizi nyama zake zina mafuta ya kutosha kulainisha bawaba za milango yote ya Moshi mjini.

"Tunakwenda mtaa wa Soweto. Kuna hoteli mpya ya chakula cha afya. Nalipa mimi."

"Madamu," akasema Theodory, dereva wetu, mtu mzima wa Kibosho ambaye tumbo lake hufika kazini kabla yake, "mimi na afya hatuna ugomvi. Ugomvi wangu ni na njaa."

"Meku, ingia garini." Hivyo ndivyo Wachagga tunavyomwita mtu mzima.

Tukaingia. Madamu mbele, Theodory kwenye usukani, nyuma mimi na Kindness wa mapokezi, msichana ambaye maneno yake yanahitaji ala kama panga. Mimi naitwa Eliufoo, mtoto wa Machame, mtunza stoo wa kampuni ya kupandisha wageni mlimani. Mahema, magodoro, majiko ya gesi, vyote vinapita mikononi mwangu. Ofisini najulikana kwa mambo mawili: utani, na lile jambo la mwaka jana. La pili hawalitaji mbele yangu. Ndiyo maana la kwanza nalifanya kwa bidii.

Hoteli yenyewe inaitwa Shibe Nyepesi.

"Shibe nyepesi," Theodory akasoma kibao polepole, "ni njaa iliyosoma."

Ilikuwa nyumba ya kawaida iliyopakwa rangi ya kijani, na bustani ndogo mbele. Ndani meza za mbao, safi, na juu ya kila meza glasi ya maji yenye majani marefu mawili matatu yaliyosimamishwa kama maua. Tukaganda mlangoni wote wanne.

"Hee!" Kindness akashika mdomo. "Si isale hilo?"

"Kila meza!" akasema Theodory. "Huyu mwenye hoteli ametukosea nini?"

"Labda bei," nikasema.

"Aisee, anaomba msamaha mapema kabla hatujaonja."

Hata Madamu Hellen, ambaye kicheko chake huwa anakitoa kwa mgawo, akacheka. Mhudumu akatujia na daftari lake. Alikuwa na jina kifuani: Mary.

"Jamani, mnacheka maua yetu?"

"Wewe siyo wa huku," akasema Theodory.

"Wa Singida."

"Na tajiri wako?"

"Wa Dar. Aliyaona kwenye uzio wa jirani, akayapenda, akasema yanatulia kwenye glasi."

"Basi sikiliza, binti." Theodory akavuta kiti. "Hili ni isale, siyo ua. Huku Uchaggani linapandwa mpakani mwa kihamba, shamba la ukoo, ndugu wasije wakakatana mapanga. Linapandwa juu ya kaburi la babu. Na mtu akikukosea, kosa zito, la damu au la aibu, analikata, analifunga fundo, analileta kwako. Hata kama ulikuwa unanoa panga, ukiliona lile fundo unakaa chini na kumsikiliza."

"Na nikilikataa?"

"Halikataliwi. Unatafuta mkosi?"

Mary akaitazama glasi kama vile majani yangemrukia. "Kumbe! Sasa mnakulaje nalo mezani?"

"Ndiyo tunashangaa. Ni kama kula huku umezungukwa na watu waliopiga magoti."

Wakacheka tena. Mimi nilicheka nimechelewa kidogo. Kiti nilichokalia kiliniweka karibu na ile glasi, na ncha ya jani moja ilikuwa inanigusa mkono. Kulikuwa na mtu ambaye nilipaswa kumpelekea jani la namna hiyo miezi kumi na tisa iliyopita.

Orodha ya chakula ilikuwa kwenye ubao, kwa chaki. Madamu akavaa miwani na kutusomea kama shuleni. Supu ya boga. Parachichi na yai la kuchemsha. Ugali wa ulezi na samaki wa kuchoma. Ndizi na mnafu. Chini ya mnafu palikuwa na mstari mdogo: *Sisi hatumwagi maji.*

"Hatumwagi maji maana yake nini?" akauliza.

"Mpishi ndiye aliyetuandikisha," akajibu Mary. "Anasema watu wengi wakichemsha mboga hii ya mnafu wanamwaga yale maji ya kwanza ili uchungu upungue. Yeye hamwagi. Anasema ukimwaga..."

"Ukimwaga maji ya mnafu, umemwaga mnafu," nikamalizia.

Mary akanishangaa. "Umejuaje?"

"Nilisikia mahali."

Kindness akanigeukia. Hakusema kitu, na Kindness akinyamaza ujue hatari imekaribia.

Nikaagiza ndizi na mnafu. Chakula kikaja. Theodory akaletewa vipande vitatu vya boga vinavyoelea kwenye supu, akavihesabu, akamwita Mary na kumuuliza kwa heshima kama hiyo ni sampuli au ndiyo chenyewe. Madamu akamwambia atafune polepole. Akasema atafune nini, mvuke? Nami ningeongeza langu hapo, siku yoyote nyingine ningeongeza, lakini nilikuwa nimeshaweka tonge la kwanza mdomoni.

Mnafu ule ulikuwa mchungu. Uchungu wa kwanza unakupiga ulimini, halafu maziwa mgando yanakuja nyuma yake taratibu kukubembeleza, halafu ndizi. Kuna mikono mingi inayopika mnafu Kilimanjaro nzima. Mkono unaopanga uchungu uanze na pole ifuate, naujua mmoja tu.

Mektrida.

Nilikuwa nimemtafuta huyu mtu kwa ulimi bila kujua. Kila kibanda nilichokulia mwaka mzima nilikuwa naagiza mnafu, na kila mnafu nilikuwa nauacha katikati. Watu wakidhani sipendi mboga.

Tulikutana Holili, mpakani, alipokuwa anauza dukani kwa shangazi yake nami nimekwenda kupokea mahema yaliyotoka Kenya. Nilimchekesha mpaka akakosea kufunga mzigo wa mteja. Miaka miwili tukapendana. Kwao ni Mkuu, Rombo, Wakatoliki wa kufa na kupona. Baba yake, Mzee Kornel, ni katekista. Kwetu Machame ni Walutheri, na baba yangu, Mzee Eliezeri, ni mzee wa kanisa ambaye hata ng'ombe wake hulia kwa sauti ya kwaya. Tukapanga siku. Jumamosi ya pili baada ya Pasaka, watu wangu waende Mkuu kujitambulisha. Kwao wakapika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Wakachinja mbuzi.

Ijumaa jioni baba akasema haendi. "Mimi, mzee wa usharika, nikaketi chini ya rozari kuomba mke? Na wajukuu zangu wabatizwe wapi?"

Mwanaume mwingine angekwenda peke yake. Mwingine angepiga simu aseme jamani, kumeharibika. Mimi nilizima simu, nikamwomba mwenzangu mmoja zamu yake, na alfajiri nikapanda mlima na wageni. Watu wakimkimbia mchumba hukimbilia Dar. Mimi nilikimbilia Kilimanjaro. Tena tulipita njia ya Rongai, ile inayoanzia huko huko Rombo. Siku ya kwanza mchana, tulipopumzika, ukungu ukafunguka nikaiona Rombo yote chini yangu, mabati yanang'aa juani, nikawa nayaangalia moja moja nikijiuliza lipi ni la kwao, na chini ya lipi watu wamekaa wananisubiri.

Niliposhuka siku ya sita, Mektrida alikuwa ameifungia namba yangu.

"Mary," nikaita. "Mpishi wenu anaitwa nani?"

"Dada Mektrida. Kwani chakula kina shida?"

Kijiko cha Kindness kikagonga sahani. "Mungu wangu. Yule wa Rombo?"

"Yupi wa Rombo?" akauliza Madamu.

"Yule wa mbege, Madamu. Yule ambaye huyu alimkimbia akapanda mlima."

"Aaa." Madamu Hellen akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena ili anione vizuri. "Kumbe ndiye."

Ukutani palikuwa na dirisha dogo la kupitishia sahani kutoka jikoni. Nilikuwa nimelielekezea mgongo. Nikageuka. Nikaona mkono mmoja ukisukuma sahani ya samaki, na kwenye kiganja, juu ya dole gumba, ile alama ya kuungua na sufuria ambayo siku moja niliibusu nikamwambia ni ramani ya Rombo. Mkono ukarudi ndani. Halafu uso ukainama kuangalia nani anasubiri samaki.

Tukaonana.

Sijui ilikuwa muda gani. Theodory anasema supu yake ilipoa. Mektrida hakushtuka, hakukunja uso. Alinitazama kama mtu anavyotazama mlima akiwa kwao: upo, ulikuwepo, utakuwepo, acha nikaendelee na kazi. Akaondoka dirishani.

"Nenda," akanong'ona Kindness.

"Jikoni kwa watu?"

"Wewe si una mdomo? Leo umeuacha ofisini?"

"Nitasema nini?"

"Mangi," Theodory akaniambia taratibu, bila utani hata tone, na hapo ndipo nilipoogopa, "dawa yako iko mezani. Mpaka ikuume kidole?"

Nikaiangalia ile glasi. Nikachomoa jani moja, maji yakanichuruzikia mkononi mpaka ndani ya shati. Nikalikunja, nikalifunga fundo. Mikono inayofunga mahema kila siku ililifunga fundo lile mara tatu ndipo likakaa. Nikampa Mary.

"Mpelekee dada Mektrida. Usiseme kitu."

Mary akalipokea kwa ncha za vidole kama amepewa nyoka. "Lile la panga?"

"Lile lile."

Akaenda. Tulikuwa tunasikia jikoni maji yakichemka na kisu kikikata kitu juu ya ubao, ta, ta, ta, ta. Kisu kikanyamaza.

Alitoka akiwa na aproni, kitambaa kichwani, jani mkononi. Alikuwa amekonda. Akaja mezani, akaanza na Madamu Hellen. "Shikamoo mama." "Marahaba, mwanangu." Akaja kwa Theodory. "Shikamoo baba." Akampa mkono Kindness, wakaulizana habari za nyumbani na za kazi, zote, mpaka na za mvua. Mimi akaniacha wa mwisho.

"Habari yako," akaniambia, kama mteja. "Chakula kimekuwaje?"

"Kichungu."

"Ndivyo kinavyotakiwa."

Madamu Hellen akasimama. "Twendeni tukaone bustani."

"Ile ya kukanyaga mara moja?" akauliza Theodory.

"Meku, bustani!"

Wakatoka, wakasimama palepale nje ya dirisha la mbele, migongo kwetu, masikio kwetu. Kindness akainama kunusa maua ambayo hayajachanua.

Mektrida akakaa kwenye kiti cha Madamu. Akaliweka jani mbele yake, akalisawazisha kwa kidole.

"Umekonda," nikasema. Maneno yote ya Kiswahili, nikachagua hilo.

"Napika kwenye hoteli ya watu wanaotaka kukonda."

Pembe ya mdomo wake ikatikisika kidogo, kisha akairudisha mahali pake. Nilikuwa nimeishi miezi kumi na tisa bila kuiona pembe ile.

"Uko hapa tangu lini?"

"Hapa, Februari. Mjini, tangu mwaka jana."

"Februari! Meki, ofisi yetu iko pale tu. Kwa miguu ni dakika kumi."

"Najua. Nimekuona sokoni mara mbili. Ulikuwa unamchekesha muuza nyanya."

"Mbona hukuniita?"

"Ulikuwa unachekesha watu. Nikaona nisikuharibie."

Hilo liliingia mpaka kwenye mfupa. Ningelia, ningekuwa mtu wa kulia.

"Nilikutafuta," nikasema. "Nilikwenda Holili mara nne. Shangazi yako akanifukuza na ufagio."

"Holili nilikuwa nauza duka, Eliufoo. Kwetu ni wapi?"

"Mkuu."

"Ulikwenda Mkuu?"

Nikaisogeza sahani.

"Nimekuuliza."

"Nilifika Mkuu stendi. Nikanywa soda, nikarudi."

"Soda." Akatikisa kichwa. "Sisi tulikuwa na mbege. Nikuambie siku ile ilivyokuwa? Maana hujawahi kuisikia. Wewe ulikuwa juu."

"Niambie."

"Mama aliotesha ulezi wiki nzima. Ndizi akachagua mwenyewe, hakutaka kusaidiwa. Mabenchi tukaazima parokiani. Baba akavaa koti lake la harusi, linambana, akakataa kulivua. Saa nane tukawa tayari. Saa tisa. Kila gari likipita barabarani baba anasimama, anafunga kifungo. Likipita, anakaa, anakifungua. Saa kumi na moja baba mdogo akasema jamani, watu wana kiu, tunywe. Mama akasema hapana, wageni hawajafika. Giza likaingia, mabenchi yamejaa ukoo wetu, na benchi moja la mbele tupu. La kwenu."

Hakuwa analia. Afadhali angelia.

"Mbege haina subira, unajua. Asubuhi ya pili ilikuwa imeharibika. Mama akaimwaga kwenye migomba, mtungi baada ya mtungi, peke yake. Mama yangu, Foo. Mwanamke asiyemwaga hata maji ya mnafu."

Aliniita Foo. Sidhani kama aligundua. Mimi nilisikia, na masikio yangu yakataka kulishika jina lile lisirudi ndani.

"Baba alikataa kwenda..." nikaanza.

"Baba yako ana kosa lake. Nakuuliza lako."

Nje, Theodory akakohoa. Nikatafuta mzaha, kama mtu anavyopapasa mfukoni kutafuta funguo. Mfuko ulikuwa mtupu.

"Niliogopa," nikasema. "Nikaona nikija peke yangu nitaonekana mtoto asiye na watu. Nikaona nikipiga simu nitasikia sauti yako. Basi nikaenda mahali ambapo simu haishiki. Nilifikiri nikinyamaza sana, itaonekana ni ajali, siyo mimi."

"Na ulipokuwa kule juu?"

"Nilikuwa naangalia mabati ya Rombo. Nilitafuta la kwenu."

"La kwetu lina kutu upande wa jikoni."

"Sasa nitalijua."

Akaniangalia. Aliniangalia kwa namna ile ya zamani, ya dukani Holili, kama anapima kama kamba itashika mzigo. Nilitaka kushika ule mkono wenye ramani. Ulikuwa pale, umbali wa sahani moja. Sikuthubutu.

"Krismasi iliyopita sikwenda nyumbani," akasema.

Wewe unayesoma, kama si wa huku, huenda hujui uzito wa maneno hayo. Mchagga anaweza kukosa vyote, lakini Krismasi anapanda kwao. Wanatoka Mwanza, wanatoka Mbeya, barabara inajaa magari mpaka polisi wanachoka. Asiyekuja anaulizwa kama yu hai. Na huyu alikuwa Moshi, safari ya asubuhi tu.

"Nilikaa chumbani kwangu na redio," akasema. "Ningekwendaje? Kila mtu angeniangalia, halafu angeliangalia lile benchi. Mama alinipigia mara sita. Nikamwambia nina zamu."

"Meki. Nisamehe."

Akalichukua jani. "Hili umenitumia mimi, na mimi nimelelewa, siwezi kulikataa. Nimekaa, nimesikiliza. Kwa upande wangu limefika." Akalisukuma taratibu mpaka upande wangu wa meza. "Lakini siku ile siyo mimi niliyefunga na kufungua kifungo. Jani linamfuata aliyekosewa nyumbani kwake. Na halibebwi na mhudumu wa Singida."

"Nitalipeleka. Hata Jumamosi hii."

"Na nani?"

"Mwenyewe."

"Peke yako ungekuja siku ile. Siku ile ungekuja peke yako, hata na kandambili, ningekufuata. Sasa muda wa peke yako umepita. Lije na baba yako."

Afadhali angeniambia nimletee barafu ya kileleni mikononi. "Baba yangu? Mzee Eliezeri? Meki, yule mzee akipita mbele ya parokia anavuka barabara!"

"Na wangu akisikia kwaya yenu anafunga dirisha. Wakikaa pamoja watabishana mpaka ng'ombe wasahau kukamuliwa. Wabishane. Ni bora kuliko benchi tupu."

"Na wewe? Jani likipokelewa... wewe utasemaje?"

Akasimama, akakaza kamba za aproni. Huko jikoni mtu alikuwa anaulizia samaki.

"Mimi nataka nile Krismasi kwetu. Zimebaki wiki tatu." Akavuta pumzi. "Nitaomba ruhusa Jumamosi. Nitakuwa jikoni kwa mama. Sitachungulia. Nitasikiliza tu gari likisimama, halafu nitahesabu milango inavyofungwa. Ukifungwa mmoja, nitaendelea kupika."

Akaondoka. Hatua tatu, nne. Nikajua akiingia mle jikoni, mlango ule utakuwa mlima mwingine. Akageuka.

"Eliufoo."

"Naam?"

"Una mnafu kwenye jino. Tangu nilipokaa."

Akaingia ndani. Na nje ya dirisha Kindness akaangua kicheko ambacho alikuwa amekishikilia muda wote, kwa sababu, nilikuja kuambiwa baadaye, waliuona wote, na hakuna aliyetaka kunikatiza.

Tukarudi garini. Nilikuwa nimelishika jani kwa mikono miwili.

"Jumamosi gari halina safari," akasema Madamu Hellen akiangalia mbele.

"Na dereva hataki posho," akasema Theodory. "Atakula huko. Chakula chenye mafuta."

Nikaingia stoo, nikajifungia katikati ya mahema. Nikakata chupa ya maji, nikalitumbukiza jani, nikaliweka dirishani. Halafu nikapiga simu Machame kabla ya woga kupata viatu vyake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula. Ndizi na mnafu."

"Mjini kuna mnafu siku hizi?" Nilisikia panga likifyeka, alikuwa anakata majani ya ng'ombe.

"Upo. Baba, aliyeupika ni yule binti wa Rombo."

Panga likasimama.

Nikamweleza. Sikuruka kitu. Mabenchi ya parokia, ulezi, mama anayemwaga mitungi kwenye migomba. Nikamweleza koti la Mzee Kornel na kile kifungo. Nikamweleza Krismasi na redio. Nilipofika kwenye jani, na kwamba limetakiwa lije na yeye, nikasubiri. Kule upande wa pili ng'ombe akalia. Nikadhani ameiacha simu.

"Baba, upo?"

"Nipo." Panga likafyeka mara moja, likasimama. "Hilo jani umelitoa wapi?"

"Hotelini. Lilikuwa mezani, kwenye glasi."

"Hotelini!" Sauti yake ikapanda kama imekanyagwa. "Umewaharibia watu mbege yao, umemkalisha mzee wa watu na koti mpaka usiku, halafu unataka kwenda kwao na jani la hotelini? Limekatwa kwenye uzio wa nani? Unataka Rombo nzima waseme Machame hatuna mipaka?"

"Sasa nifanyeje, baba?"

"Uje Ijumaa. Lipo la babu yako, pale juu ya kaburi. Hilo ndilo jani. Tena likatwe asubuhi, na umande wake."

Nikainuka katikati ya mahema. "Kwa hiyo utakwenda?"

"Sijasema nitakwenda. Nimesema jani la hotelini halifai."

Hakukata simu. Wazee wetu huwa wanaisahau mkononi. Nikasikia hatua zake kwenye majani makavu ya migomba, zikasimama, zikaendelea, zikasimama tena. Halafu nikamsikia kwa mbali, akiita kuelekea nyumbani.

"Mama Eliufoo! Lile koti langu la Jumapili umeliweka wapi?"

Nikabaki nimeshika simu. Dirishani jani lilikuwa limesimama kwenye chupa, na nyuma yake mlima. Kutoka Moshi Rombo huioni, mlima umeiziba, lakini niliangalia upande ule ule. Kindness akagonga, akaniletea maji ya kunywa. Nikamshukuru, nikayaweka pembeni. Uchungu wa mnafu ulikuwa bado upo ulimini, na sikutaka kuumwaga.